Jiwe la Saba

Brindcote, 9 Oktoba 1955

Dada Thirza,

Hujambo huko upande wa chini wa dunia? Sisi huku tunapumua. Enoch wangu goti limevimba tena, lakini mdomo haujavimba, anakula kama kawaida. Matufaha mwaka huu yamezaa mpaka matawi yamepiga magoti, hata nguruwe wameyakinai, ukiwatupia wanakuangalia kama umewatukana. Jibini nimetengeneza ishirini na mbili tangu Juni, naikandamiza kwa jiwe lile lile la Baba, na moja imepata utepe mwekundu kwenye maonyesho. Fanny Pegler kapata meno mapya. Akicheka unageuka nyuma kuangalia ni nani mwingine anacheka.

Sasa ngoja nikae vizuri nikwambie. Umoja wa Akina Mama umeamua kuandika kitabu cha kumbukumbu za kijiji, mambo ya zamani yasipotee. Daftari kapewa nani? Mimi! Mimi niliyeacha shule na miaka kumi na miwili nikaenda kukamua ng'ombe. Mke wa kasisi kaniambia mbele ya watu, "Dorcas, mwandiko wako ni wa kuku, lakini hakuna jambo linalokupita." Sikujua nicheke ama ninune. Nikachukua daftari.

Kazi yenyewe vituko vitupu. Nimewauliza wazee watano baa iliungua mwaka gani, nikapata miaka sita. Wanachokubaliana wote ni kwamba mapipa ya pombe yalitolewa ndani kabla ya mwenye baa.

Lakini kuna moja si la kucheka. Uwanja wa Bukini, hapa mbele ya mlango wangu. Majirani zetu wa kijiji cha Pudlow wanadai ni wao, na kampuni ya kokoto imeshawaahidi mambo. Wakichimba basi tena, kwaheri bata bukini wangu, kwaheri gulio la Septemba, kwaheri kriketi, nitaamka naangalia shimo. Mwezi wa tano, Alhamisi ya Kupaa, afisa wa kaunti anakuja kuamua. Na mwenyekiti wa Pudlow ni nani? Lewis Gazzard, unamkumbuka, yule mrefu, mtoto wa Mzee Jiwe. Kasimama kwenye mkutano kasema hivi: "Mpaka wetu ulikuwa na mawe saba. Sita yapo. Leteni la saba, mtuonyeshe lilisimama wapi, nami nitafunga mdomo."

Sisi tukamrushia, "Kamuulize baba yako!" Maana mtoto wa kunyonya hapa anajua baba yake ndiye aliyeliiba. Lakini kujua si kuonyesha, dada. Ndiyo sababu nakuandikia. Ule mwaka wa 1909 kijiji kilipozunguka mipaka kukagua mawe kama ilivyo ada, wavulana wote walikuwa na surua, ikabidi wasichana watatu ndio wapinduliwe kichwa chini miguu juu kwenye kila jiwe, ili wakumbuke maisha yao yote. Mimi nilikuwa kitandani na madoa yangu nalia wivu. Rose alishafariki, Mungu amrehemu. Fanny anasema alifumba macho toka jiwe la kwanza mpaka la saba. Umebaki wewe tu. Lilikuwa wapi? Huku kwetu karibu na barabara, au kule ng'ambo kwenye miiba? Likiwa kule, uwanja ni wetu. Likiwa huku, tumekwisha. Nijibu upesi, hii karatasi ya bluu ya barua za ndege ni ndogo mno sasa hivi naandika pembeni Enoch anakusali

*

Taranaki, Nyuzilandi, 27 Oktoba 1955

Mdogo wangu Dorcas,

Nimepata barua yako. Nashukuru mpo. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unanikumbusha umri. Huku ni majira ya kuchipua, nyasi zimefika magotini na ng'ombe wanazaa mmoja baada ya mwingine, silali. Tangu Angus alipofariki kazi yote iko juu yangu na mwanangu, lakini tunaiweza. Mjukuu ameota meno, tofauti na Fanny yeye hakuyanunua.

Kuhusu lile la uwanja, ni zamani mno. Nilikuwa na miaka tisa na kichwa kiko chini. Mtu akiwa kichwa chini anaona nyasi.

Ila nataka nikushauri kitu. Huo mtambo wa jibini wa Baba umechoka. Nunua wa chuma. Ni mwepesi kuosha, na huna haja ya kunyanyua jiwe kila siku na umri huo. Lile jiwe mwambie Enoch akalitupe mtoni.

Goti la Enoch alifunge kwa majani ya kabichi.

Dada yako,
Thirza

*

Brindcote, 13 Novemba 1955

Dada Thirza,

Salamu za baridi, maana ndiyo pekee tuliyo nayo kwa wingi. Majani ya kabichi tumefunga, goti limepungua, ila sasa Enoch ananuka supu, paka anamfuata kila aendako. Kasisi Prewett kapiga chafya katikati ya sala ya wafu, karatasi zikaruka, majina yote ya wafu yakaenda mpaka kwa wapiga kengele. Tulicheka kanisani, na mimi nilikuwa wa kwanza, sikatai.

Sasa dada, mbona hivyo? Nakuuliza jiwe la mpaka, wewe unanijibu mtambo wa jibini! Jiwe la Baba nilitupe mtoni, nimekuwa kichaa? Hilo jiwe ndilo ladha yenyewe.

Na unajua nani kaisifu? Nilikuwa sokoni Jumanne, nimepanga jibini zangu, nainua macho, Lewis Gazzard huyu hapa. Mvi kichwa kizima, lakini mgongo umenyooka vile vile. Mkewe alishafariki, anajipikia mwenyewe, na ukiangalia kola yake utajua anajifulia pia. Nikajitia sijamwona. Akaonja kipande, akatafuna polepole.

"Hii ni ya mzee Ephraim kabisa," akasema.

"Baba amekufa miaka thelathini, hii ni ya Dorcas," nikamwambia. "Na bata wa Dorcas watalala wapi ukishawachimbia shimo?"

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Watalala Pudlow. Hatubagui bata." Kisha akasimama pale, haondoki, wateja wanamsukuma. "Thirza hajambo?"

"Hajambo."

"Atarudi?"

"Arudi kufanya nini? Kuangalia kokoto?"

Akanunua kipande kikubwa kuliko tumbo la mtu mmoja, akaenda zake. Nakwambia tu vile ilivyotokea. Kwa nini akuulizie wewe?

Haya, jaribu kukumbuka. Ulikuwa unakumbuka kila kitu, hata aliyekukanyaga mguu kwenye Krismasi ya 1907 ulikuwa unamtaja kwa jina. Fumba macho, jipindue kitandani kama lazima. Lakini usivunje shingo.

Mdogo wako,
Dorcas

*

Taranaki, 4 Desemba 1955

Mdogo wangu Dorcas,

Heri ya Krismasi kwako na Enoch. Nakutumia kifurushi, ndani yake mna zabibu kavu, soksi za sufu za kondoo wetu wenyewe, na picha ya mjukuu akiwa juu ya farasi. Farasi ndiye mwenye akili kati yao wawili.

Joto limeanza. Tumekata majani ya mifugo mapema.

Sikujua kama bado anakwenda sokoni Jumanne.

Dada yako,
Thirza

*

Brindcote, 29 Januari 1956

Dada Thirza,

Heri ya mwaka mpya, na heri ya Krismasi iliyokwisha chacha, maana kifurushi chako kimefika jana! Umekituma kwa meli, na barua umeifungia humo humo ndani, wakati ndege zipo. Watu wakitaka kuchelewa wana njia zao. Soksi Enoch hazivui, zabibu nimezifungia kabatini asizione. Mtoto mzuri, ana pua ya Mama.

Huku mambo yamechemka. Watu wa kokoto wamekuja kupima uwanja, wakachomeka vijiti vyekundu kila mahali. Wakaenda kula. Waliporudi hakuna kijiti. Bata wangu wameving'oa vyote na kuvitupa kwenye dimbwi, na yule dume mkubwa alimfukuza mpimaji mpaka juu ya gari lake. Nilisimama dirishani nikapiga makofi. Lakini bata hawawezi kusimama mbele ya afisa wa kaunti, dada. Tumebakiza miezi mitatu na ushei.

Jumamosi hapa baa kulikuwa na ngumi. Mtu wa Pudlow kamwambia Enoch, "Nyie Brindcote miaka arobaini mnatuita wezi, na jiwe hamjawahi kutuonyesha." Enoch akamjibu kwa ule wimbo, si unaukumbuka, ule tuliokuwa tunamwimbia mzee Gazzard akipita na mkokoteni: *Gazzard, Gazzard, fungua koti, tuone jiwe la kijiji.* Wakashikana. Goti likarudi kuvimba. Majani ya kabichi tena, paka kafurahi.

Sasa nisikilize. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi si msomi lakini maisha yangu yote nimekuwa nasikiliza watu wakinificha mambo, ni kipaji changu. Mtu asiyekumbuka husema "sikumbuki." Wewe hujasema hata mara moja. Umesema ni zamani, umesema nyasi, umesema nunua mtambo wa chuma.

Na la pili nakuuliza la kitabu: kwa nini uliondoka mwaka ule wa 1921? Mama alisema ni hewa. Hewa gani? Hewa ya hapa imemfikisha Fanny Pegler miaka hamsini na sita na meno ya kununua. Niandike nini?

Tafadhali dada. Nikiamka nione shimo, sitakulaumu kwa mdomo, lakini utajua.

Dorcas

*

Taranaki, 1 Machi 1956

Mdogo wangu Dorcas,

Natumaini goti la Enoch limepoa. Sisi wazima. Mvua imenyesha siku tano. Barua hii nimeianza mara nne, na inakuja kwa ndege.

Kaa chini kwanza. Jiwe la saba unalo wewe. Ndilo unalokandamizia jibini.

Februari ya 1910 barafu ilipasua jiwe la mtambo, na Baba alikuwa ameahidi jibini kumi na mbili kwa yule tajiri wa mjini. Unakumbuka, au labda hukumbuki, ulikuwa mdogo, Pudlow walikuwa wametuibia mlingoti wa ngoma za Mei, wakaupasua kuni. Baba alikuwa bado ana uchungu. Akasema, "Wamekula mlingoti wetu, nasi tutakula jibini kwa jiwe lao." Maana mawe matatu ya kwanza ni yao kuyatunza na manne ya mwisho ni yetu, si unajua, kila kijiji kinapaka chokaa yake. Asubuhi moja ya ukungu akanichukua nikamsaidie kuzuia toroli kwenye mteremko. Baba alianza kuhesabu kutoka darajani. Mawe huhesabiwa kutoka kinu cha unga, Dorcas, kwa hiyo la kwanza lake ndilo la saba. Akaenda kuiba jiwe la Pudlow, akaiba letu wenyewe.

Hakujua. Alilipaka chokaa, akaligeuza pande zenye herufi zikawa ndani, akaniambia niweke mkono juu yake niape sitasema. Niliapa nikicheka. Tulidhani tumewaweza.

Mwaka 1912 walipozunguka mipaka, kijiji kizima kinatembea na fimbo zao za mierebi, wakafika pale, jiwe hakuna, nyasi zimeshafunika shimo. "Jiwe letu limeibwa!" Nilimwangalia Baba. Aliona kosa lake pale pale. Alifungua mdomo kusema, haki ya Mungu nilimwona akiufungua. Lakini mtu mmoja akapiga kelele, "Ni Gazzard! Nilimwona na mkokoteni hapa!" Watu wote wakaitikia. Na Baba akafunga mdomo, hakuufungua tena mpaka anakufa. Kila wimbo ule ulipopita dirishani alikuwa anakwenda kuosha ndoo zilizokwisha oshwa.

Hilo la pili uliloniuliza. Mwaka 1920 Lewis alikuja kuniomba. Baba akamwambia, "Binti yangu haolewi na mtoto wa mwizi." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha maziwa. Nilimwangalia Baba, naye akaangalia mtambo. Lewis nilimwambia simpendi tena. Ilikuwa rahisi kuliko kumwambia ukweli kuhusu Baba. Halafu nikatafuta meli inayokwenda mbali kuliko zote. Angus alikuwa mtu mwema, sijutii, lakini hewa haikuwa sababu.

Sasa lilisimama wapi. Ng'ambo, kwenye miiba. Lakini miiba ni mirefu kama barabara, kwa hiyo nitakwambia nilichoona. Mawe mengine yote niliona nyasi, huo si uongo. Jiwe la saba waliponishika miguu na kichwa changu kikagusa jiwe, niliona chini ya tao la daraja, na ndani ya tao mnara wa kanisa umesimama peke yake, kama kidole ndani ya pete. Ukisimama huuoni, daraja linauficha. Ukisogea hatua tatu, kidole kinatoka kwenye pete. Ni mahali pamoja tu.

Niliapa, na leo nimevunja. Kutumia au kutotumia ni juu yako. Baba ana jina lake kwenye benchi la kanisa, na wewe ndiye unayekaa hapo kila Jumapili, si mimi. Mimi nimelibeba hilo jiwe vya kutosha.

Thirza

*

Brindcote, Jumapili ya Mitende, 25 Machi 1956

Dada,

Tu wazima. Goti zima. Bata wameanza kutaga.

Nilisoma barua yako nimeegemea mtambo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema kweli. Nilimwita Enoch tukalishusha jiwe, tukaligeuza, nikasugua chokaa kwa brashi ya ndoo. Herufi mbili, B upande mmoja, P upande mwingine. Enoch kavua kofia kama kuna maiti.

Siku tatu sikumwambia mtu. Mimi! Enoch alinigusa paji la uso kama nina homa. Kanisani nilikaa kwenye benchi, jina la Baba liko hapa mgongoni kwangu, *Ephraim Cowley, mtu mnyofu*, herufi zinanichoma. Nikafikiri: nikinyamaza, uwanja unakwenda, Baba anabaki mnyofu. Nikisema, uwanja unabaki, na mimi nitakuwa binti wa mwizi aliyeacha mtu mwingine azomewe mpaka kaburini.

Halafu nikakumbuka ule wimbo, dada. Sauti ya juu kuliko zote ilikuwa yangu. Nilikuwa namfuata mzee wa watu mpaka darajani. Alikuwa anageuka anatupa tufaha, anadhani tutaacha. Tulikuwa tunakula tufaha halafu tunaendelea.

Nitasema. Usiniandikie kunikataza, nimeshaamua, na ukiandika tuma kwa meli.

Mdogo wako,
Dorcas

*

Brindcote, 13 Mei 1956

Dada yangu Thirza,

Salamu tele tele! Wazima, wazima, wote wazima, hata paka! Nimenunua karatasi mbili nzima za barua za ndege, hii ni ya kwanza, ile ya pili Enoch kaikanyaga na buti za tope, basi nitabana maneno.

Alhamisi ukumbi ulijaa vijiji vyote viwili, watu wamekaa mpaka kwenye madirisha. Afisa wa kaunti, kijana wa miwani, mafua yamembana. Lewis Gazzard mbele, kola imepigwa pasi upande mmoja tu. Akauliza tena kama kawaida yake, "Jiwe la saba liko wapi?"

Mlango ukafunguka. Mimi hapo na Enoch tunasukuma toroli. Gurudumu linalia kama nguruwe, watu wote wanageuka.

"Hili hapa," nikasema. "Aliliiba baba yangu, Ephraim Cowley. Alidhani anaibia Pudlow, akatuibia sisi. Mzee Gazzard hakuligusa hata kwa kidole. Tumemwimbia bure."

Dada, kulikuwa kimya mpaka nikasikia meno ya Fanny. Lewis akatoka kitini, akaja akaweka kiganja juu ya jiwe, akalipapasa zile herufi.

"Baba alikufa anaitwa Jiwe," akasema.

"Najua. Na mimi niliimba. Nisamehe, Lewis."

Akaniangalia. "Nakukumbuka. Ulikuwa unaimba vibaya sana, hukuwa na sauti kabisa. Baba alikuwa anasema, yule wa Cowley apewe matufaha mawili, anyamaze mara mbili."

Nikaanza kulia na kucheka, pua ikanisaliti, yule afisa wa mafua ndiye aliyenipa leso.

Kisha afisa akasema jiwe bila mahali pake ni uzito wa jibini tu. Nikamsomea barua yako, kile kipande cha kidole ndani ya pete. Akasema barua kutoka Nyuzilandi haionyeshi kitu, lazima mtu aone. Basi ukumbi wote tukahamia uwanjani, bata wanapiga kelele, kina mama wanashika kofia. Tukafika kwenye miiba. Afisa akataka kulala kifudifudi aangalie.

"Haifai!" Fanny akapiga kelele. "Hapa mtu halazwi, anapinduliwa!"

"Nani apinduliwe?" Wote wakaniangalia mimi. Ningemlaumu nani, mdomo ndio ulionifikisha.

Enoch kashika mguu mmoja, Lewis kashika wa pili, wakahesabu tatu. Dada! Sketi ikaja usoni, ikabidi mke wa kasisi aishike. Nilivaa yale makubwa ya ndani ya sufu ya kijivu, sasa vijiji viwili vimeyaona, yaandikwe kitabuni. Damu yote ikaja kichwani.

"Unaona nini?"

"Nyasi!"

Wakanisogeza kama kitanda. "Sasa?"

"Daraja! Kushoto! Kushoto kwangu, si kwako, niko chini juu! Goti, Enoch, goti lako! Hapo... hapana, mmepita, rudini nusu hatua..."

Na nikauona. Umesimama ndani ya tao, mwembamba, kama ulivyosema. Kidole ndani ya pete. Nikasahau sketi na watu wote. Umeuona na miaka tisa, mimi na hamsini na moja, mahali pale pale. Nikapiga kelele "Hapa!" wakaniachia kwa furaha, nikaanguka na uso, ndipo mahali penyewe pakawekwa alama ya pua yangu.

Wakachimba. Koleo la nne, mkaa. Mkaa na vigae vilivyovunjika, vimepangwa chini kama kiota. Kasisi akasema wazee wa zamani waliweka mkaa chini ya mawe ya mpaka kwa sababu hauozi. Tukaliteremsha jiwe, likaingia kwenye shimo lake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Afisa akaandika. Uwanja ni wetu! Kampuni ya kokoto wameondoka na vijiti vyao, wamekosa viwili, vipo kwa bata.

Lewis kafunga mdomo kama alivyoahidi. Akaufungua mara moja tu, akasema lazima watoto wa pande zote mbili wapinduliwe hapo hapo, tusije tukapotezana tena. Wakapanga foleni, wavulana na wasichana. Kwenye benchi la Baba nimemwomba kasisi asifute kitu. Atalifutaje lile neno mnyofu? Alikuwa mnyofu mambo yote isipokuwa moja, na hilo moja nimeliandika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, na mwandiko wangu wa kuku. Jibini sasa nakandamiza kwa mtambo wa chuma. Ulisema kweli, ni rahisi kuosha. Ladha si ile.

Ehe, sasa lenyewe. Jana Lewis kaja hapa chumba cha maziwa. Kavua kofia. "Dorcas, alijua? Thirza alijua kuhusu baba yake, siku ile nilipokuja kumwomba?" Sikuweza kumdanganya, nikamwambia yote, kwamba ulimwambia humpendi ili usimtaje Baba. Akakaa kwenye kigoda cha kukamulia, yule mtu mrefu, magoti yanafika masikioni. Alikaa mpaka chai ikapoa na paka akailamba. Halafu akasimama akasema, "Ukimwandikia, mwambie neno hili, na usiongeze la kwako hata moja." Nikaapa. Akanirudishia mara tatu mpaka nikalikariri. Dada, mimi nimesikia mengi lakini hilo liliniliza mpaka kwenye maziwa. Alisema hivi, mwambie Thirza kwamba tangu siku ile mimi nim... ngoja, hapa pamejaa, nageuza pemb

*

Taranaki, 24 Mei 1956

Dorcas,

Lewis alisema nini?

Nimekuwekea humu karatasi nne tupu.

Thirza